Sakafu Nyeupe Ufukweni

Kunegunda hakuwa mtumishi wa shemeji yake. Beda mwenyewe alipenda kuwaeleza wageni hivyo: huyu si dada wa kazi, huyu ni mke wa marehemu mdogo wangu, tunaishi naye kama ndugu. Wageni walitikisa vichwa kwa kumsifu Beda, kisha wakamnyooshea Kunegunda vikombe vyao awaongezee chai.

Alilala uani, kwenye chumba kilichobanwa kati ya stoo ya mahindi na banda la kuku, huko Matogoro, mahali ambapo mlima unawahi kulificha jua na baridi ya Juni inaingia hadi kwenye mifupa. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Alifua, alipika, alipepeta mahindi ya biashara ya Beda, na siku ya Jumapili alimpigia viatu rangi, maana mwenyekiti wa kigango haendi kusoma matangazo kanisani na viatu vyenye vumbi. Hakulipwa kitu. Ndugu halipwi.

Alikuwa na kwake zamani. Alizaliwa Lusewa, akaolewa ziwani Nyasa, katika kijiji kidogo kusini mwa Liuli, na Dastan, kitindamimba wa Mzee Bartolomeo. Beda, mkubwa, alikuwa ameshahamia Songea kutafuta maisha, kwa hiyo Dastan ndiye aliyebaki na baba yao na shamba la ukoo pale ufukweni: muhogo, migomba, na vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile. Mzee alipofariki, Dastan alimjengea kaburi ambalo kijiji kizima kilikwenda kulitazama. Alimwaga sakafu pana kama chumba, ya kokoto na saruji, akaipaka chokaa. Kila mwaka, kabla ya siku ya kuwaombea marehemu mwanzoni mwa Novemba, aliipaka upya. Alisema anataka baba yake aonekane hata na wavuvi walio mbali majini. Baadaye Dastan naye aliugua figo, akafa, akazikwa kwenye sakafu hiyohiyo, ubavuni mwa baba yake.

Kunegunda alibaki pale na binti yao, Oliva. Hakuna aliyemgusa. Kisha ukaja ule mwaka wa mvua zisizokatika, ziwa likapanda. Wakati huo yeye alikuwa Lusewa akimuuguza mama yake. Beda ndiye aliyekwenda ziwani kuangalia. Alirudi, akamfuata Lusewa, akakaa kwenye kigoda, akavua kofia. Alisema maji yamechukua nyumba, yamechukua shamba, yamechukua na sakafu. Baba na Dastan wote wamekwenda na maji. Akalia. Kunegunda hakuwahi kumwona mwanamume mzima akilia vile, na kwa miaka yote iliyofuata machozi yale ndiyo yaliyomfanya aamini.

Katika ukoo wa Mzee Bartolomeo kulikuwa na mwiko mmoja mzito. Aliyechukuliwa na maji, awe hai au mifupa, hatajwi jina mpaka mkubwa wa ukoo aende ufukweni kumwaga unga wa ulezi na kuwaomba waliotangulia wampokee. Kabla ya hapo mjane hakanyagi ufukwe ule. Akikanyaga, maji yatamfuata mwanawe. Dini haikuufuta mwiko huo. Uliishi nyumba moja na rozari, na hakuna aliyeona vinagombana.

Mkubwa wa ukoo sasa alikuwa Beda. Naye alisema unga utamwagwa mwaka kesho. Mwaka ulipofika alikuwa na kesi ya kiwanja. Uliofuata, bei ya mahindi ilimwangusha. Uliofuata, mguu ulimuuma. Kunegunda alihamia Matogoro kungoja unga umwagwe, na kungoja kwenyewe kukageuka kuwa maisha. Watu wa ziwani walipopita Songea walifikia sebuleni kwa Beda, na Kunegunda aliwapelekea chakula akainamisha macho, kwa sababu mwiko haukumruhusu kuuliza. Nao hawakumwambia kitu. Huenda walidhani anajua.

Mwaka jana Beda alipangisha chumba cha mbele kwa msichana anayeitwa Rosemary. Alikuwa mtaalamu wa ramani kwenye mradi mmoja wa kufuatilia jinsi ukingo wa ziwa unavyoliwa. Alikuwa mchangamfu, mvivu wa kufua, na alimwita Kunegunda mama Oliva tangu siku ya kwanza. Jumamosi alitoa kompyuta yake barazani na kufanya kazi akiwa amejifunika kitenge, huku Kunegunda akichambua maharage kando yake.

Alimweleza kazi yake bila kujikweza. Setilaiti inapita juu, inapiga picha, inarudi tena baadaye inapiga tena. Yeye anachora mstari mahali maji yanapokutana na nchi kavu, mwaka kwa mwaka, kila mwaka na rangi yake. Ukiilaza mistari yote pamoja unaona ziwa linavyotembea.

"Sasa mama Oliva, si wewe umeolewa kule," Rosemary alisema Jumamosi moja. "Hebu njoo uniambie hii ghuba wenyewe wanaiitaje. Kwenye ramani yetu haina jina."

Kunegunda alisema hajui kusoma. Rosemary akacheka, akasema hata yeye hapo hasomi, anaangalia tu. Basi Kunegunda akafuta mikono, akasogea. Mwanzoni aliona rangi tupu, kama kanga iliyochujuka. Kisha akaona jiwe lile kubwa lililokaa majini peke yake, jiwe ambalo wanawake waliliita Bibi Harusi kwa sababu ndege walikuwa wamelipaka weupe kichwani. Kutoka kwenye jiwe macho yake yalipanda yenyewe ufukweni, kama miguu inavyoijua njia ya nyumbani, yakafika mahali pa shamba, na hapo yakasimama.

"Hiki cheupe ni nini?" aliuliza.

Rosemary alikivuta karibu. Alisema ni sakafu fulani, au makaburi, hajafika bado kuona. Lakini ofisini wanakipenda sana. Picha za miaka tofauti haziwi sawasawa, nyingine inakaa upande, kwa hiyo wanahitaji kitu kisichohama ili wazipange zikae moja juu ya nyingine. Pwani nzima ile, miti imeanguka, vibanda vimebebwa, njia zimehama. Hicho cheupe hakijahama hata kidogo.

"Na kuna watu wanakitunza," aliongeza. "Ona. Kila Novemba kinang'aa kama shuka jipya, halafu kinafifia. Novemba tena, kinang'aa."

Kunegunda alikuwa akiviona viatu vya Beda. Kila mwisho wa Oktoba Beda alisafiri, kununua mahindi Mbinga, hivyo alivyosema, na kila aliporudi aliviacha viatu mlangoni pa jiko vikiwa na madoa meupe yaliyogandamana, naye Kunegunda alivisugua kwa mswaki wa zamani na kunung'unika kwamba vumbi la Mbinga ni gumu kutoka. Akaviona pia vile viatu alivyorudi navyo mwaka wa mvua, vyeupe hadi kwenye kamba. Mtu yule alimzamisha baba yake kwa mdomo, kisha akawa anakwenda kwa siri kumpaka chokaa.

Kando ya sakafu kulikuwa na paa. Paa la bluu. Mabati hayo Beda aliyapakia kwenye Fuso hapahapa uani, na Kunegunda ndiye aliyewasongea wapakiaji ugali.

Aliuliza maji yako mbali kiasi gani na kile cheupe. Rosemary akapima: mita arobaini na kitu. Kabla ya ule mwaka wa mvua zilikuwa zaidi ya mia. Ziwa lilishuka baadaye, lakini udongo uliokwisha kumeguka haukurudi, na ukingo ulivyo sasa ni kifusi laini, kila wimbi linachukua chake. Kunegunda akauliza, je, picha hizi zinaweza kusema shamba ni la nani. Rosemary akamtazama kwa makini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema hapana. Zinasema maji yapo wapi. Mwenye shamba hazimjui.

Kesho yake, baada ya misa, Beda aliketi mezani peke yake. Mkewe alikuwa amekwenda msibani. Kunegunda alimwekea ugali, kisamvu na kuku, akamnawisha mikono, na badala ya kurudi jikoni akabaki amesimama na birika mkononi.

"Shemeji, nimeiona sakafu," alisema.

Beda aliendelea kumega tonge. Alilibonyeza, akalichovya, akala. Kisha akauliza ameiona wapi, na Kunegunda akamwambia: kwa Rosemary, kwenye picha za kutoka juu, pamoja na nyumba ya bati la bluu. Alingoja Beda akane. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa ajili ya kukana kwake. Alikuwa na viatu, alikuwa na Fuso, alikuwa na kila kitu.

Beda hakukana. Alifuta vidole, akatazama dirishani kule mlimani, akaonekana mzee na mwenye kuchoka.

"Wewe ungebaki pale, ungeolewa na mtu mwingine, shamba la baba lingeondoka," alisema. "Na ziwa linakuja, Kunegunda. Huyo binti hajakwambia? Miaka michache tu, kila nilichokwambia kitakuwa kweli. Mimi nimewahi tu."

"Ulinililia."

"Nilimlilia mdogo wangu. Hilo sikudanganya."

Kuku mmoja aliingia hadi mlangoni, akatazama, akatoka. Kunegunda akasema atakwenda ziwani, kesho au keshokutwa, atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, atasimama juu ya ile sakafu na kusema. Beda alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu ileile aliyowasikilizia waumini wenye malalamiko. Halafu akaongea kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha.

"Geti si limefungwa, shemeji. Nenda. Ila Oliva amebakiza mwaka na nusu chuoni, na uuguzi hausomwi kwa midomo. Mimi ndiye ninayemsomesha. Ukinivua nguo mbele ya watu wa ziwani, sitakuwa na uso wa kuendelea. Fikiria mwenyewe." Akavuta bakuli la kisamvu. "Niongezee maji ya kunywa."

Kunegunda alimwongezea maji. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kwa uchungu kuliko mengine yote: kwamba mkono wake ulimimina, na haukumwaga hata tone.

Jikoni alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Miaka yote aliamini kwamba kinachomzuia ni maji na mwiko. Sasa mwiko umeanguka, hapakuwa na mfu aliyechukuliwa na maji, hapakuwa na sababu ya kumwaga unga, angeweza kukanyaga ufukwe ule wakati wowote tangu mwanzo. Na bado hakuweza kutoka. Oliva alipopiga simu jioni kusimulia jinsi alivyomzalisha mama wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, sauti ikimtetemeka kwa furaha, Kunegunda alisema vizuri mwanangu, hongera mwanangu, akaulizwa kama ni mzima, akasema mzima.

Mwaka na nusu. Hakuna aliyeliambia ziwa lisubiri.

Tangu hapo akawa na kazi moja ya ziada, ambayo hakuna aliyemtuma. Kila Rosemary alipopata picha mpya, Kunegunda alileta ungo wake wa maharage barazani na kukaa. Hakumweleza msichana habari yote. Alimwambia tu kwamba pale amezikwa mumewe. Rosemary aliacha mzaha siku ile, na baada ya hapo akawa anaanza na ile ghuba kabla ya kazi yake mwenyewe.

"Bado?" Kunegunda aliuliza.

"Bado, mama. Limekula kidogo upande wa vichanja. Sakafu bado."

Mwezi mwingine akauliza tena, na jibu likawa bado, ila mita zimepungua. Alijifunza kuusoma mstari mwekundu wa maji ya mwaka ule kama wengine wanavyousoma uso wa mgonjwa. Alijikuta akihesabu vitu viwili kwa pamoja, mitihani ya Oliva na mita za udongo, na hakujua kipi anakiombea kiende haraka na kipi kisimame. Akiwa kanisani, Beda akisoma matangazo kwa sauti yake nzito, yeye alimwomba Mungu awape mvua kidogo. Wakulima wote waliomzunguka waliomba nyingi.

Mwisho wa Oktoba Beda akafunga begi. Akasema anakwenda Mbinga kuangalia mahindi. Alilisema akimtazama Kunegunda usoni, na mkewe Beda akamfungia vitumbua vya njiani. Hakuna aliyecheka.

Wiki ya pili ya Novemba Rosemary alimwita barazani. Picha ilikuwa safi, bila wingu. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda, umelamba migomba, umeuacha ufukwe mwembamba kama upindo wa kanga. Na juu yake kidogo, peke yake, sakafu ya Dastan iling'aa.

"Wamekipaka tena," Rosemary alisema.

"Wamekipaka," Kunegunda alijibu.

Viatu vilikuwa mlangoni pa jiko tangu Beda aliporudi, vikimngoja. Jumamosi ile alivichukua, akakaa navyo kwenye ngazi, akashika mswaki. Alisugua kiatu cha kulia hadi ngozi ikatoa mng'ao, akakipaka rangi, akakisugua tena kwa kitambaa. Cha kushoto alikitazama kwa muda mrefu. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye mshono na kukauka, nyeupe, kutoka mahali ambapo yeye hawezi kufika. Hakukigusa. Aliviweka vyote viwili chumbani kwa Beda, sambamba, kama kawaida.

Asubuhi Beda aliviona. Alisimama mbele yavyo kitambo, mkewe akimhimiza akiwa nje kwamba kengele imeshalia. Kunegunda alikuwa kwenye korido na ndoo ya maji. Beda hakumwita. Alikaa kitandani, akavivaa vyote viwili, akafunga kamba, akaenda kanisani.