Chafya za Mzee Salumu

Nakumbuka siku moja kule Guangzhou, Uchina, mwanangu, mdomo wangu ulipokaribia kumsafirisha rafiki yangu kama mzigo wa nguo. Miaka ile msako wa pasipoti ulikuwa mkali, na viza ya Deo, mwenzangu wa Mwanza, ilikuwa imekwisha. Alijibanza ofisini kwa Mzee Salumu, msafirishaji wa mizigo, ghorofani katika jengo la Tianxiu, akisubiri njia ya kurudi nyumbani bila pingu.

Mzee huyu ujanani alikuwa mchekeshaji wa redio Dar es Salaam, enzi ambazo redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Katika vipindi vya vichekesho na muziki yeye ndiye aliyekuwa mlevi, bibi harusi, mbuzi na hata mlango mbovu, yote kwa koo lake. Nami nikajifunza kwake, nikajiona fundi. Ujinga wa umri, nisamehe.

Basi asubuhi hiyo nikagonga mlango na kufoka kama askari: “Huzhao! Huzhao!” yaani pasipoti. Nikakimbia kwenda kununua chai, nacheka peke yangu. Niliporudi, Deo hayupo! Alikuwa amejitumbukiza ndani ya robota la magauni, na wapagazi wa kago wamelifunga na kuliteremsha. Yeye akajikunyata humo, akidhani wapagazi ndio polisi wenyewe.

Mimi na Mzee tukashuka kumtafuta, tukalikuta robota mlangoni chini, mbele ya askari wa kweli. Robota likapiga chafya. Mzee akapiga yake papo hapo, kubwa zaidi. Likapiga tena, naye akajibu mfululizo, mpaka askari akaziba pua na kutupungia mkono tupite.

Tulipolifungua ndani ya gari la mizigo, Deo alitoka na gauni shingoni, analia. Kicheko kikaniishia.

“Redioni,” Mzee akaniambia, “kabla sijanguruma kama simba, mtangazaji aliwaambia watu ni mchezo. Msikilizaji haoni, bwana mdogo. Ana masikio na moyo wake tu. Wewe ulijua Deo anaogopa nini, ukamchezea hapohapo.”

Nilimpigia Deo magoti kando ya gari, nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini kwa siku nyingi alishtuka kila nilipoongea.

Mwanangu, tania watu, cheka nao. Ila ukishajua kinachomnyima mwenzako usingizi, hicho usikifanyie mzaha kamwe. Mwenyezi Mungu akujalie ulimi mchangamfu, na marafiki wanaotulia moyo wakisikia sauti yako.