Sauti ya Delora Kooni Mwangu

Usiniambie nilikuwa nimechoka, wala kwamba baridi ya Toronto ilinipanda kichwani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, akili zangu timamu, na haya yalinipata mimi mwenyewe.

Delora alikuwa mwimbaji wa R&B kutoka Marekani, na nyimbo zake alizitunga mwenyewe. Alianzia kanisani kwao, akatoa albamu ambayo miaka ile ya elfu mbili hata sisi Mombasa tuliikariri. Baadaye jina likafifia, akaja huku kujaribu upya, kwenye studio ya chini ya nyumba kule Mississauga, kando ya Toronto. Mimi nilikuwa mwitikiaji wake. Yeye mbele, mimi nyuma na "uuu" zangu. Nilimwonea wivu, sikufichi! Alikuwa akikohoa katikati ya ubeti na bado watu wanafuta machozi. Mimi nanywa tangawizi wiki nzima, naambiwa nipunguze sauti. Wewe ungependa?

Alifariki albamu mpya haijaisha. Ulibaki wimbo mmoja ambao hakuwahi kuuimba, nikamwomba prodyuza niuimbe mimi, mbele, si nyuma. Akakubali. Niamini, siku hiyo nilicheka peke yangu ndani ya basi.

Nikavaa hedifoni. Ala hazijaanza, nikasikia mwanamke ananiita taratibu, kwa jina langu la utotoni ambalo Kanada nzima hakuna alijuaye. Kwetu mtoto hufunzwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Lakini hufunzwa pia adabu, na mdomo ukatangulia.

"Abee!" nikasema.

Nyuma ya kioo alikuwepo prodyuza tu, kainamia mitambo yake. Ala zikaanza, nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya Delora. Na kikohozi chake.

"Ni yeye," prodyuza akasema, analia. "Ni yeye kabisa."

Wimbo ulitoka kwa jina lake. Tangu hapo nikiimba, anaimba yeye. Kwenye harusi za mtaa wa Dixon, hapa Toronto, wananishangilia, narudi nyumbani nimenuna, maana najua wanamshangilia nani. Mtu kumwonea wivu marehemu! Lakini namwonea.

Juzi nilikuwa nambembeleza binti yangu alale. Nikajikaza, na kwa mara ya kwanza ikatoka sauti yangu mwenyewe, ile nyembamba ya zamani. Mtoto akafumbua macho.

"No, Mama. Aimbe yule auntie."

Basi wewe ukivaa hedifoni ukasikia unaitwa, ng'ata ulimi. Mimi niliitika kwa adabu, na sasa hata mwanangu simtoshi.