Mtandio Unaopokea Udi

"Nani kafa?"

Hivyo ndivyo mama alivyoipokea pamba yangu ya kwanza. Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye bajaji, jora zima la bafta nyeupe begani, jasho linanichuruzika, furaha imenijaa, na yeye kasimama mlangoni kwetu Ngamiani, mkono kiunoni, ananiuliza nani kafa. Kwa watu wetu bafta nyeupe ni sanda. Ukipita nayo mtaani waziwazi, watu watakufuata wakuulize maziko saa ngapi. Nilijua hayo yote, lakini hasira zilinipanda vilevile. Hasira zangu mimi ziko karibu, hazina safari ndefu.

"Hakuna aliyekufa, mama. Hii naitia rangi, halafu nachapa maua."

"Basi uchape upesi, majirani wasije wakaanza kuleta ubani."

Nilikuwa nimeacha kazi kwenye karakana moja ya kuchapa fulana. Fulana za mashindano, za semina, za kampeni, kila aina. Tulichapa kwa skrini, yaani fremu ya mbao iliyowambwa wavu mwembamba; unaweka wino juu, unaukwangua kwa ubao, na ua linashuka kwenye nguo. Wino wenyewe ulikuwa wa plastiki. Hauingii kwenye uzi, unaganda tu juu yake, na kuutoa kwenye skrini sharti utumie thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Kila siku nilirudi nyumbani kichwa kinanigonga. Na yale maji ya kuoshea yalimwagwa nyuma, kwenye mfereji, leo mekundu, kesho ya buluu, yanateremka zake baharini, kulekule anakotoka samaki wetu, changu wa Ijumaa. Nilimwambia mwenye karakana. Akanijibu, "Bahari kubwa hiyo, dada, itakosa pa kuyaweka?" Nilivua aproni nikamwachia juu ya meza. Sikusubiri hata chai.

Mama akanipa chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Mwenzangu, tatizo lilianzia hapo. Kaka yangu mkubwa alikuwa anakitaka chumba hicho hicho auzie simu na chaja. Siku moja nimetoka sokoni, namkuta ndani na futi mkononi, anapima ukuta, anatia alama za penseli pale atakapopigilia misumari ya rafu zake.

"Unafanya nini?"

"Napima tu."

"Wapimie jirani!"

Tulisikika mpaka barabara ya pili.

Kumbe alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa mimi mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa haiendi. Nimeapa nitachapa kwenye pamba tupu, kwa wino wa maji usiohitaji thina, na kila hatua ilikuwa vita. Kwanza kitambaa. Wauza vitambaa wa mji huu, Mungu awape heri, kila mmoja anaapa. "Pamba tupu hii, wallahi!" Basi nikawa natembea na kiberiti. Nachomoa uzi pembeni, nauwasha palepale dukani. Uzi wa pamba unaungua upesi, unanuka kama karatasi, unaacha jivu la kupeperushwa na pumzi. Wa poliesta unajikunyata, unadondosha tone jeusi gumu, unanuka ndoo iliyoungua. Baada ya muda nikiingia tu kona ya mtaa nasikia, "Jamani, mama kiberiti huyo!" na majora mengine yanasukumwa nyuma ya kaunta.

Halafu wino. Wino wa maji na joto la kaskazi havipatani kabisa. Unakauka kwenye wavu kabla hujageuka, skrini inaziba, ua linatoka nusu. Nikajifunza kuanza mara baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijakaza, nikinyunyizia maji kama mtu anayemwagilia mchicha. Mabaki sikuyamwaga mferejini hata hayo, maana wino wa maji nao si sharubati. Niliyakwangua yote nikayarudisha koponi. Nikachapa vipande vyangu vya mwanzo, vizuri mno, nikavifua kuvijaribu. Wino ukatoka wote. Maji ya beseni yakawa kama juisi ya rosela, na kaka amekaa kibarazani anacheka mpaka anajipigapiga mapaja. Kumbe wino ule unataka pasi, pasi ya moto, polepole, upande wa mbele na wa nyuma, ndipo unashika. Nilijua baadaye. Siku ile nililia chooni, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Sanda nayo nikaiondoa kwa njia yangu. Nilikusanya maganda ya vitunguu sokoni, nikayachemsha, nikatia kipande cha shabu ili rangi ishike, nikachovya bafta. Ikatoka na rangi ya samli. Mama aliipapasa akasema, "Haya. Sasa aliyekufa kafufuka."

Kaka hakuacha. Kila Ijumaa baada ya chakula anarudia wimbo wake: chumba kimekaa bure, dada mtu anacheza na maganda. Mwisho mama alichoka. Nilikuwa nimepata fununu ya harusi kubwa huko Raskazone, wanatafuta wa kuwachapia sare. Mama akaweka kijiko chini.

"Hiyo harusi ya Raskazone aende akajaribu. Wakizivaa nguo zake, chumba ni chake na sitaki kusikia neno tena. Wakimrudishia, funguo ni zako."

Kaka akatabasamu. Mimi nikaisukuma sahani. Chumba kile kilikuwa ndicho kila kitu changu. Nikikipoteza, pa kurudi ni palepale penye thina.

Aliyekuwa na kauli kwenye harusi ile ni bibi wa bi harusi, mama wa Kiarabu mwenye asili ya Omani, ukoo wao umekaa Tanga tangu enzi na enzi. Nilimkuta amekaa kwenye baraza pana la nyumba yao. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika marahaba bila kuninyanyulia macho. Sare ilikuwa ni mitandio: kila mwanamke wa upande wa bi harusi ajitande wa aina moja. Alitaka maua ya dhahabu inayong'aa.

"Dhahabu sitatia, bibi." Ulimi wangu ulinitangulia. "Kile king'aacho ni plastiki. Na hewa haipiti. Na mabaki yake yanaishia baharini."

Akaninyanyulia macho. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kujieleza mbiombio, samaki, matumbawe, mfereji, thina, mpaka jasho la mgongo likanishuka. Bibi akanyoosha mkono, akachukua mtandio wangu wa mfano, wa rangi ya samli wenye vikonyo vya asumini vyekundu kama komamanga. Akauweka shavuni. Akaufinya. Akaunusa.

"Huu unapokea udi?"

Mimi mtoto wa Tanga, niliyefukizwa udi tangu arobaini yangu, sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja! Miezi nahubiri habari za bahari, na mwanamke wa pwani anataka kujua jambo moja tu: nguo ikiwekwa juu ya chetezo, harufu itakaa?

"Ni pamba tupu, bibi."

"Hayo mavitu ya sasa hayapokei," akasema. "Unateketeza udi mzuri, mtu akifika mlango wa pili harufu imeshamkimbia. Nichapie huu."

Nilitoka pale natembea kama niliyevikwa taji. Nikachapa, nikapiga pasi, nikafua nikapiga tena, mpaka mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki. Na kaka, mnajua alifanya nini? Alisikia nimekataa dhahabu, akajipeleka kwa mashangazi wa bwana harusi. "Dhahabu ipo," akawaambia. Akawaagizia kutoka Dar mitandio ya poliesta, myekundu, imechapwa maua ya dhahabu ya plastiki kila pembe. Niseme kweli, ilikuwa inapendeza. Ukiitandaza juani inakupiga macho. Siku alipoipitisha nyumbani makusudi ili mama aione, mama aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Bibi yule alitaka sare za pande zote mbili zifukizwe kwake, kwa udi wake mmoja, ili siku ya sherehe wanawake wote wanuke harufu moja. Basi asubuhi, siku moja kabla ya harusi, tukakusanyika ukumbini kwake. Mama alikuja, kanga zake bora, akakaa karibu na dirisha ajionee. Mafurushi mawili yaliletwa, langu na la kaka. Katikati vyetezo vimewashwa, na juu ya kila chetezo kimefunikwa kikapu cha fito cha kutandazia nguo.

Langu lilianza. Mitandio ikatandazwa mmoja juu ya mwingine, moshi ukapanda taratibu, ukapita ndani ya pamba. Mmoja mmoja ikatolewa, ikakung'utwa. Bibi akaukamata wa juu, akauzika uso ndani yake, akavuta pumzi.

"Mashaallah," akasema. Neno moja tu. Nikamtazama mama, mama akatazama dirishani.

Ikaja ya dhahabu. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa na haraka, wakaongeza makaa, wakairundika yote kwa pamoja. Tukawa tunapiga soga. Mara mmoja akakunja pua. "Nani kaunguza sufuria?" Mwingine akakimbilia jikoni. Jikoni hakuna kitu. Harufu ikazidi, ile ile ninayoijua mimi kutoka madukani, ndoo iliyoungua. Nikaruka. Nikashika ncha ya mtandio wa juu nikavuta, ukaja na wenzake wote! Maua ya dhahabu yalikuwa yamelainika yakashikana, ua kwa ua, na ule wa chini kabisa ulikuwa umejikunyata ukawa mdogo wa kumtosha mwanasesere. Ukivuta, ua linabanduka na kubaki kwenye nguo ya mwenzake. Ukumbi mzima ukanuka plastiki. Udi wa bibi, wa kutoka Omani, ukazama humo humo.

"Lahaula!" akasema shangazi mkubwa wa bwana harusi, akakaa chini sakafuni.

Nitasema nilivyojisikia, sina haja ya kujipamba. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajing'ata shavu kwa ndani nisicheke mbele ya watu wazima. Nilitamani nipige kigelegele. Nilitamani kaka awepo, na alivyo na bahati, akawepo: alikuwa anapita kuulizia kama wamefurahi. Alisimama mlangoni pa ukumbi, akavuta hewa, akaelewa kila kitu.

Shangazi akanigeukia mimi. "Mwanangu, kesho tunavaa nini?"

Nyumbani, kapuni, nilikuwa na bafta nyingine iliyokwisha chovywa, ya rangi ya samli. Mama alijua ipo. Bibi alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema sina, na kaka angekuwa wa kusimuliwa Raskazone mpaka apate wajukuu. Lakini wale wanawake walikuwa na kosa gani? Walipenda kinachong'aa; nani asiyependa?

"Mtavaa pamba," nikasema. "Dhahabu sitatia. Na wa kupiga pasi ni yule pale mlangoni."

Ukumbi ukaangua kicheko, na bibi mwenyewe akacheka mpaka shungi likamteleza.

Tulirudi Ngamiani mimi, mama na kaka kwenye bajaji moja. Nilifunga skrini, nikanyunyizia maji, nikaanza kuvuta wino. Kaka alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akashika pasi. Mara ya kwanza alikuwa anaburuza kama anayefagia uwanja. "Polepole," nikamwambia, "mbele na nyuma." Akafanya polepole. Baada ya muda akainua mmoja, akausugua kwa kidole alichokilowesha mate, wino haukutoka, akautazama tena. "Huu haubanduki," akasema, kama anayejisemea.

"Kwa sababu umeingia ndani, kaka. Haujakaa juu."

Akaukunja ule. Akachukua mwingine.

Kamba zikaisha. Mitandio mibichi mkononi, pa kuanika hapana, na uani kuna vumbi. Nilihitaji kamba nyingine humu humu chumbani, ukuta kwa ukuta. Kaka akaenda kutafuta nyundo na misumari, akarudi, akasimama anatazama ukuta, hajui apige wapi.

Mama alikuwa mlangoni na birika la chai. Mtandio wa komamanga ulikuwa umeshamkaa mabegani, sijui aliuchukua saa ngapi.

"Piga kwenye alama zako za penseli," akamwambia. "Si ulishapima?"

Kaka akanitazama, nikamtazama. Akaweka msumari wa kwanza juu ya alama yake mwenyewe, akapiga.