Mashine Isiyokuwapo Buhinyuza

Anisia alikuwa na kiwanja Buhinyuza, mkoani Muyinga, kilichoota nyasi tupu, lakini kwa macho yake yeye palikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Akipalilia maharage aliisikia ikinguruma. Akipika aliona mafuta ya manjano yakichuruzika taratibu, na wanawake wakija kutoka Mwakiro na magunia kichwani. Nazario, mumewe, ilimbidi amwite mara mbili tatu ndipo ageuke. Wengine hupanga maisha kwa hesabu. Anisia alipanga kwa kuota, na sioni kosa lake.

Serikali ilipotangaza mfuko wa kuwatia moyo wanaoanzisha biashara, aliomba. Sharti kubwa lilikuwa moja: biashara iwe bado haijaanza. Kamati ikamwita Muyinga mjini, ikamhoji kwa Kirundi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Anisia alikulia kambini Tanzania, akarudi kwao mtu mzima, na Kirundi chake mpaka leo kinachechemea. Kwa Kirundi jana ni ejo, na kesho ni ejo vilevile. Kinachotofautisha ni kitenzi. Aliyezaliwa na lugha hiyo hakosei hata usingizini. Anisia, mawazo yakiwa mbali kwenye mashine yake, alisema ejo, kisha akavuruga kitenzi. Alitaka kusema ataisimika. Wao wakasikia ameshaisimika.

Wakamnyima, eti biashara yake ilikwisha kuanza. Watu wazima, wenye gari la serikali, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kwenda kutazama.

Anisia alilia sana. Baadaye akasikia kwamba Gitega kuna mahakama inayopima maamuzi ya serikali, akafunga safari. Alifikia mtaa wa Yoba kwa Raissa, muuza vitenge waliyejuana naye sokoni. Raissa alimpikia chai ya maziwa, akamsikiliza, kisha akamwambia ukweli.

"Dada, pale usibabaishe Kirundi. Kama Kiswahili ndiyo iko yako, sema Kiswahili. Kwani we ni mwizi?"

Maneno hayo yalimchoma. Miaka yote alikificha Kiswahili chake, kwa sababu majirani walimwita Mtanzania.

Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alieleza kwanza kwamba yeye hagawi fedha; kazi yake ni kuangalia kama kamati iliamua kwa haki. Halafu akamuuliza: siku ile alimaanisha ejo ipi? Anisia alifumba macho. Nyuma yake aliiona kambi, mbele yake mashine, na yeye akawa kama anaelea katikati, hana pa kukanyaga. Akajibu kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa, nilimaanisha kesho. Jana sikuwa na kitu."

Hukumu ilipotoka iliufuta uamuzi wa kamati. Walipaswa kumpa mkalimani, na walipaswa kwenda kuona kwa macho yao. Basi waanze upya. Fedha bado hazikuwa zake, na kamati ilikuwa ileile. Hilo lilimkosesha raha.

Walikuja na mkalimani asubuhi yenye ukungu. Mwenyekiti wao, Josephat, mtu wa viatu vilivyong'arishwa, alisimama kwenye nyasi zenye umande akauliza mashine iko wapi. Anisia akajibu hakuna, na tangu azaliwe hakuwahi kufurahia hivyo kukosa kitu. Kisha akaanza kuwaonyesha, kwa Kiswahili chake cha kambini: mlango utakuwa huku, magunia yatapangwa kule, mashine itakaa hapa katikati, mdomo wake ukielekea barabarani. Nazario alimvuta kitenge anyamaze. Hakunyamaza.

Josephat alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akataka kuuona mpaka wa kiwanja upande wa pili, na njia fupi ilikatiza katikati. Alipiga hatua moja, akasita, kisha akaizunguka mashine asije akajigonga.