Mrija Alioukataa Protais

Protais Kabera alikuwa seremala mzuri na jirani mbaya, na yote mawili aliyajua. Milango yake ilifunga bila kukwaruza sakafu, lakini ukimsalimia njiani pale Mururu alikujibu kana kwamba umemkatiza sala. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akavuka daraja la Rusizi kuingia Rwanda mwaka 1995 na mkewe Patricie, msumeno mmoja na randa mbili. Mururu alikuta mlima wa watu wanaoviziana baada ya mauaji ya mwaka uliotangulia. Waliobaki hawakuwaamini waliorudi, na waliorudi hawakumwamini mtu. Yeye halikumsumbua hilo, maana hata Bukavu hakuwahi kupenda watu.

Mwaka 2000, malori ya askari yakiwa bado yanateremka kwenda Kongo, Protais alianza kukonda. Kiu haikumwisha, haja ndogo haikumpa nafasi ya kumaliza ubao mmoja. Hospitalini walimpima damu, wakamwambia ana ugonjwa wa sukari, wakampa vidonge na kumwelekeza kwa muuguzi Ikirezi, aliyekuwa ameanzisha kikundi cha wagonjwa wa sukari huko huko mlimani kwao.

Kikundi kilikuwa cha watu sita, kila Alhamisi, nyuma ya zahanati. Ikirezi aliwapima mkojo kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi, akawakagua nyayo kidole kwa kidole, kisha akawatembeza kuzunguka uwanja wa mpira. Pombe ya ndizi aliipiga marufuku, na maji ya ndizi yale matamu aliyapiga marufuku kwa ukali zaidi. Lakini kulikuwa na amri moja aliyoirudia hadi Protais akatamani kumziba mdomo.

"Kila muntu aambie jirani zake. Siku moja utaanguka, na ni bao batakubeba."

Thubutu! Mlima mzima ulikuwa umeshawaona watu sita waliokonda wakimfuata muuguzi uwanjani, na ulikuwa umeshatoa hukumu: wale wana sida, yaani ukimwi. Protais aliona heri afe kuliko kuitwa hivyo. Akawa anakwenda kikundini kwa kupitia migombani, ananyatia kama mwizi, mtu mzima na ndevu zake.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Damascène, mkulima aliyeongoza wabebaji wa ngobyi. Ngobyi ni machela ya kusuka. Mgonjwa hulazwa humo, wanaume wa mlima wakambeba kwa zamu mpaka hospitali ya Gihundwe. Asiyekuwa na watu wa kumbeba Mururu hana maisha.

Binti yake Benitha alipoposwa, Damascène alimwalika hata Protais. Chungu cha pombe kiliwekwa katikati. Damascène akanyonya kwanza, ndiyo desturi, ili wageni waone kwamba chunguni hamna ubaya, kisha akamgeuzia Protais mrija.

"Sitaki," alisema Protais.

Na miaka ile, baada ya yote yaliyotendeka mlimani, kukataa mrija uliotoka mdomoni mwa mwenye nyumba kulikuwa na maana moja tu: unamwona mtu wa sumu.

"Unaniona muchawi?" aliuliza Damascène, mbele ya wakwe.

"Nimesema sitaki. Unataka nikuimbie?"

Neno "sukari" lilikuwa hapo kwenye ulimi. Alilimeza, akachukua kofia yake akaondoka.

Wakamtenga. Walipita mlangoni kwake wakitazama upande wa pili, na waliotaka milango wakaagiza kwingine. Protais alidai kwamba hatimaye amepata amani. Usiku hakulala kwa uchungu, ila hilo hakumwambia hata Patricie. Kwa hasira akawasusia wote, na kikundi pia. Ikirezi alikuja mara mbili kumwita. Mara zote mbili alimfungia mlango.

Katika wiki zile akakanyaga msumari. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, kwa hiyo hakuhisi kitu, na hakukuwa na wa kumkagua nyayo. Patricie alipogutushwa na harufu, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi na mumewe hawezi kusimama. Mvua ilikuwa imekata barabara. Mama wa watu akaenda kupiga magoti kwa Damascène, akaomba ngobyi, bila kuitaja sukari, maana mumewe alikuwa amemwapisha.

"Akunywe kwanza," alisema Damascène. "Hapa, bantu bote babone. Kisha tutamubeba."

Siku nne Protais alikataa, akitukana kutoka kitandani. Siku ya tano homa ilimpanda, na Patricie akawa analia bila sauti, jambo lililomtisha kuliko homa. Akakubali. Walikuja na kibuyu pamoja na machela. Alinyonya mpaka tone la mwisho huku watoto wakichungulia uani, kisha wanaume wanne wakamwinua begani kwa uangalifu mkubwa. Walimbeba vizuri, na hilo lilimchukiza zaidi.

Hospitalini daktari alimtoboa kidole, akapima, akapima tena.

"Amekunywa nini huyu?"



"Pombe yangu," alisema Damascène. "Iko safi. Miye mwenyewe nilitangulia kunywa."

Daktari alimgeukia Patricie kwa hasira. Sukari iko juu mno kwa pombe hiyo, alisema, hawezi kumpasua leo wala kesho. Na uozo ule haungoji. Wangekuja siku tano nyuma, angekata vidole viwili. Sasa, sukari ikishashuka, atakata juu ya goti, kama mgonjwa atafika siku hiyo.

Hapo Protais akalipuka, mate yakimtoka.

"Ni sukari! Nilikukatalia juu ya sukari, weye mupumbavu! Nani alikuambia sumu?"

Damascène alisimama mikono ikimning'inia. Aliutazama mguu, akamtazama Patricie, akarudi kwa Protais.

"Sukari?" alisema. "Ungesemaka tu, Papa. Ningekupatia mayi ya kunywa."