Kiti cha Dereva

Kila akiwasha AC ya gari, fundi hutega sikio kwenye injini mpaka asikie tak, kompresa imeshika, ndipo huweka kiganja chake chenye makovu kwenye tundu la hewa. "AC ikikaa bure," huwaambia wateja, "oili haizunguki, sili za mpira zinakauka, gesi inatoroka." Ndiyo maana kila Ijumaa huliwasha gari dogo la marehemu mkewe, lililoegeshwa pembeni mwa gereji. Jana mteja mmoja alimkuta humo, amekaa kiti cha abiria.

"Fundi, si uniuzie kompresa hiyo? Yangu imekufa, na gari hili halina wa kuliendesha."

Fundi alinyoosha mkono, akageuza tundu la hewa lielekee kiti kitupu cha dereva.

"Ngoja kidogo, dada. Mwenyewe hapendi joto."