Mtoto Aliyeweza Kutolewa

Mwezi ule niliorudi nyumbani usingizi ulinikataa. Nililala juu ya dungu, kibanda chetu cha nguzo ndefu bondeni, nikijiuliza: hivi baba alinipeleka shule kwa sababu alinipenda, au kwa sababu sikufaa kitu?

Jibu nilikuwa nalo, ila nililigeuza-geuza nikitumaini lina upande mwingine. Akida wa Wajerumani alipopita akitaka kila nyumba itoe mtoto mmoja wa shule ya serikali, watu walilia kama waliotozwa kodi ya pili. Sisi tulikuwa wawili. Kaka yangu ndiye aliyepalilia, akapiga kasia, akafukuza nguruwe. Mimi nilipalilia mpunga nikaacha magugu. Nikiwekwa kuamia ndege, nasinzia, ndege wanakula. Nilimsikia baba akimwambia mama, "Tumtoe huyu. Yule tukimtoa tutakula nini?"

Nikaenda mjini pwani, nikajifunza kusoma, kuandika, hesabu na Kijerumani kidogo. Kaka akabaki, kwa kuwa alikuwa na thamani. Na kwa kuwa alibaki, alikuwepo siku vijana walipopanda milima ya Umatumbi kunywa dawa iliyosemekana ingegeuza risasi kuwa maji. Mimi nilikuwa darasani, nakariri. Nilipohitimu na kurudi nilikuta mkeka wake umekunjwa, umeegeshwa ukutani. Mwenzake aliyerejea alisema tu kwamba alianguka, nao wakakimbia bila kumzika.

Tangu hapo kichwa hakikutulia. Ningejua kulima, ningekufa mimi. Kaka angesoma, angekuwa karani bora kuliko mimi, maana kila alichoshika kilimtii. Au shule ingemharibu? Nani angenijibu?

Mto ulipoanza kupungua ukafika msimu wa mlau, kilimo cha kwenye tope linaloachwa na mafuriko. Asubuhi moja baba alikuwa akitoboa mashimo kwa mti wenye ncha, mama akidondosha mahindi. Ilikuwa mbegu yetu ya mwisho; tulikuwa tumeishi kwa mizizi ya porini ili tusiiguse. Mimi nilipewa kushika kibuyu cha mbegu, kazi ya mtu asiyeaminika kwa nyingine. Akatokea tarishi wa boma.

"Shikamoo, mzee. Kijana wako aliyesoma anatakiwa bomani. Makarani hawatoshi, na watu wa kuandikwa ni wengi."

"Kuandikwa kwa lipi?"

"Kazi ya barabara. Hao hao waliobaki baada ya vita."

Baba hakuinua kichwa. "Hapa hakuna msomi. Huyu mkulima."

Tarishi akakishika kiganja changu, akacheka. "Mkulima huyu? Mbona kiganja cha bibi harusi?"

Mama nusura acheke. Hakuwahi kucheka tangu habari za kaka.

Baba akauweka mti chini. "Sikiliza, kijana. Mara ile mlitaka mtoto, nikawapa niliyeweza kumtoa. Huyu simtoi."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu utoto, lakini yaliponifikia nilianza kuyapima. Ananipenda, au hana mwingine? Bomani kuna unga, mama angekula. Labda ningeyaruka majina ya watu wetu. Labda wangegundua, wakanichapa viboko hamsa ishirini. Labda nisingeyaruka kabisa, kwa woga, nikamwandika hata yule aliyemwona kaka akianguka. Hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha, kwa sababu najijua.

"Wee, waja huji?" tarishi akaniuliza.

"Siji. Waambie watafute mwingine."

"Wakija askari?"

"Watanikuta hapa."

Akatema mate, akarudi kwenye mtumbwi wake. Nikampa mama kibuyu, nikauokota mti wa baba, nikaingia topeni. Shimo langu la kwanza lilizidi kina, mkono ungezama humo hadi karibu na kiwiko.

"Hilo kaburi, mwanangu," mama akasema, kisha akajiziba mdomo kwa upande wa kaniki yake.

Hatukutazamana. Nililifukia nusu, mama akadondosha mbegu, nikasogea, nikatoboa jingine.